Solo ya Marehemu

Katikati ya solo ile, kwenye rekodi, kucha ya Marehemu, mpiga bluzi aliyekufa zamani, inanasa kwenye uzi na gitaa linatoa mkwaruzo kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Ni ajali tu. Marehemu mwenyewe, nina hakika, alikunja uso aliposikia. Lakini Bingwa ameukariri mkwaruzo ule. Jumamosi yangu ya kwanza kwenye kikundi nilimwona kwa macho yangu: mtu mzima, mpima ardhi, kalamu nne kwenye mfuko wa shati, anainamisha kucha makusudi ili inase palepale iliponasa ya mtu aliyezikwa kabla yeye hajaota meno. Kisha akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akingoja tushangae.

Nilishangaa kweli. Ila si kwa namna aliyotaka.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana nitawasema watu hapa, na si vizuri kuwasema wenzako ukiwa umejificha. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari wa meno anachukua alama ya kinywa cha mgonjwa, ananiletea chumba cha nyuma, nami namimina plasta, napanga meno kwenye nta, nasaga, nang'arisha. Mwaka wa ishirini na mbili huu. Katika mwaka wa tisa mashine ya kusagia plasta ilinila ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kifundo kizima, kwa sababu nilikuwa nabishana na mtu dirishani badala ya kutazama kazi. Nilipofika miaka arobaini na minne, kaka yangu alihama mji, akaniachia gitaa lake la umeme na spika ndogo, eti nimwekee. Hakurudi kulichukua. Likakaa nyuma ya kabati la nguo hadi siku nilipolitoa kulipangusa vumbi, nikapiga uzi mmoja, nikakaa kitandani na kitambaa mkononi mpaka chakula kikaungua jikoni.

Bluzi nilikuwa naipenda tangu usichana. Kwa asiyeijua: ni muziki wa kodi tatu tu. Si kodi za serikali. Nasema vile vidole vinavyobana nyuzi kadhaa ili zilie pamoja. Kodi hizo tatu zinazunguka, mwimbaji analalamika, gitaa linamjibu. Mwimbaji akikaa kimya, gitaa linapewa mzunguko mzima liseme lenyewe. Hiyo ndiyo solo. Kodi nilizipata peke yangu kwa miezi minne. Solo ndiyo iliyonipeleka kwa Bingwa.

Kikundi kilikutana kila Jumamosi saa nane mchana kwenye darasa la chuo cha udereva, katikati ya mabango ya alama za barabarani. Mwenye chuo tulimwita Mwalimu. Alipiga ngoma kama anavyofundisha kuendesha: mwendo uleule, bila kumpita mtu. Mwimbaji alikuwa mkunga wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokwaruzika kidogo. Alikuja na viatu vyake vya kazi, akapanda kukaa juu ya meza ya mwalimu na chupa yake ya chai. Na Bingwa. Jina la Bingwa alijipa mwenyewe, halafu akasema watu ndio wamempa.

"Wewe ndiye mgeni," aliniambia. "Unapiga nini?"

"Najaribu bluzi, kaka."

"Kila mtu anajaribu. Unazo solo ngapi?"

Unazo ngapi, kama anauliza ng'ombe. "Sina hata moja," nikasema.

Akatazama kidole changu. Watu wengi hukitazama kwa kuibia. Bingwa alikitazama waziwazi, kama kiwanja kilichomegwa na mto. "Hapo kuna tatizo," akasema, akafungua daftari.

Lilikuwa daftari kubwa la kuchorea ramani. Humo alikuwa ameandika kila noti ya solo kumi na moja: uzi wa ngapi, freti ya ngapi (vile vijichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), kidole kipi, kwa wino wa rangi tatu. Alikuwa ametumia miaka saba. Hakuna solo hata moja iliyokuwa yake. Ungemwambia hivyo angekuona kama umemwambia kwamba ardhi anayoipima si yake: ndiyo, si yangu, kwani tatizo nini?

Akaninakilia ile ya Marehemu kwenye karatasi. "Ukiipata noti kwa noti tutazungumza. Usipunguze, usiongeze. Marehemu hakuacha ruhusa."

Nilimwona kichekesho. Lakini nikaichukua karatasi, nikaenda nayo nyumbani, na kwa wiki sita nikawa kichekesho zaidi yake.

Nilikuwa naicheza rekodi kwenye simu kwa mwendo wa nusu, mpaka Marehemu akasikika kama mtu anayezungumza usingizini. Sekunde tatu, nasimamisha, natafuta noti, narudisha. Sekunde tatu nyingine. Sehemu ya kwanza niliipata. Ya pili nikaipata. Ya tatu ilitaka kidole cha kwanza kikae freti ya tano na kidole kidogo kiruke hadi ya tisa, na changu kiliishia hewani, kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. Nilinyoosha mkono kwenye maji ya moto. Nilinyoosha mkono kwenye ukingo wa meza kazini mpaka daktari akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni mazoezi. Mwanamke mzima na ajira yake, anavuta kidole ili kirefuke.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kusikiliza mashine na kujua wapi inalia vibaya. Kwa wiki sita alivumilia. Jumapili moja asubuhi, anasoma gazeti mezani, akasema bila kuinua macho:

"Mke wangu, hapo unapokwama kila siku pana nini?"

"Kidole hakifiki."

"Huyo marehemu wenu alikuwa na vidole vingapi?"

"Kumi, nadhani."

"Na wewe unavyo tisa na nusu."

"Nitazoea."

Akakunja gazeti. "Mwezi uliopita ulirudi hapa unamcheka yule mama aliyekuletea picha ya dada yake, anataka meno yaleyale. Ulicheka mpaka ukapaliwa na maji. Ulimwambiaje?"

Nikaanza kukusanya vikombe.

"Si ulimwambia mdomo ni wake, si wa dada yake?"

"Meno ni meno, baba. Huu ni muziki."

"Ehe," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikaitupa karatasi ya Bingwa chini ya kochi, nikaanza upya kwa masikio.

Niligundua kwamba solo ile ina sentensi saba, kama mtu anayesimulia jambo. Nne nilizimudu. Ile ya mruko wa kidole niliihamisha: noti zilezile zipo pia kwenye nyuzi nene, chini zaidi kwenye shingo ya gitaa, mahali ambapo mkono unakaa umekunjika wala haunyooshwi. Sauti ikatoka nzito, kama baba badala ya kijana, nikaipenda. Sentensi ya sita ilikuwa mvua ya noti kumi na moja ndani ya kupepesa jicho. Nilizitupa kumi. Nikabakiza ya mwisho, nikawa nauvuta uzi taratibu kwa vidole viwili mpaka sauti ipande ifike, kisha nauacha utetemeke. Mkwaruzo wa kucha niliutupa wa kwanza kabisa. Mwishoni nikabaki na nafasi tupu, na hapo nikaweka kitu changu: noti tano zinazoshuka kama mtu ateremkaye ngazi, halafu anasimama kabla ya kufika chini. Ilikuja yenyewe, vidole vikaipiga kabla sijaiwaza. Nilikimbia kumwita mume wangu bafuni asikilize, na sabuni kichwani.

"Hiyo nzuri," akasema. "Sasa naweza kujimwagia maji?"

Jumamosi nikaipiga mbele ya kikundi. Nilipomaliza, Mwalimu alitikisa kichwa kwa kukubali. Mkunga akasema, "Mimi nimependa ile ya mwisho, inayoteremka." Bingwa alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikia habari ya msiba.

"Umeichinja," akasema.

"Nimeikata inikae."

"Sasa hiyo ni solo ya nani?"

"Yangu na Marehemu."

"Marehemu hana ubia na mtu."

"Bingwa," mkunga akaingilia, "mimi nimesema nimeipenda."

"Dada, wewe imba," Bingwa akamjibu. "Mambo ya gitaa tuachie sisi."

Mkunga akajimiminia chai. Mwanamke yule amezalisha nusu ya mji. Asingebishana na mtu kwa sababu ya nyuzi sita.

Kuanzia siku hiyo ikawa vita. Bingwa akaniita Mama Nusu: nusu kidole, nusu solo. Mimi nikamwita Kinasa Sauti, kwanza nyuma yake, baadaye usoni. Akipiga, nilikuwa nakohoa kila anapofika kwenye mkwaruzo. Nikipiga, alikuwa anafungua daftari na kufuatisha kwa kalamu nyekundu, anaweka alama kila nilipokosea, na kwa mujibu wa daftari nilikosea kila mahali. Miezi ilipita hivyo. Sijui mkunga na Mwalimu walituvumiliaje. Mimi kwa upande wangu nilifurahia sana. Nilikuwa naondoka nyumbani Jumamosi na matusi tayari mdomoni, nimeyapanga kama meno kwenye nta.

Kisha muuguzi mkuu wa hospitali ya mkunga akastaafu, na mkunga akaombwa alete kikundi chake kwenye sherehe ya kumuaga. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi wa hospitali: viti vya plastiki, vitambaa vyeupe, watu na sare zao, wengine wanaingia na kutoka kwa sababu wagonjwa hawastaafu. Mkunga alitukuta mlangoni tukishusha spika. Sauti yake haikuwepo. Tangu alfajiri alikuwa anamhimiza mzazi wa mapacha, na pacha wa pili alikuwa hana haraka.

"Jamani," akasema kwa sauti ya kukauka, "nishushieni sauti ya wimbo hatua mbili. Juu sitafika leo."

Mimi nikasema sawa. Mwalimu hakuwa na neno, ngoma haina juu wala chini. Bingwa akakunja mikono.

"Haiwezekani. Solo iko pale ilipo."

"Ni hatua mbili tu, Bingwa," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, mtu akikwambia usogeze jiwe la mpaka hatua mbili tu, utalisogeza?"

"Huu si mpaka, ni wimbo."

"Mimi nimejifunza pale. Nikisogeza nitakosea mbele ya watu."

Angalau alisema ukweli. Mkunga akapunga mkono. "Basi, acheni. Nitaimba palepale." Tukakubaliana: baada ya ubeti wa pili, solo ya Bingwa. Baada ya ubeti wa nne, yangu.

Nitasema wazi, niliomba aharibu. Nilisimama pale na gitaa la kaka yangu shingoni, nikiomba kidole kimteleze. Hakikuteleza. Bingwa alipiga solo ya Marehemu noti kwa noti, sauti kwa sauti, na mkwaruzo wake wa kucha ukatoka safi kuliko wa rekodi. Ilibaki sentensi mbili. Hapo ndipo muuguzi mkuu aliposimama kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa mwanamke mkavu, ambaye wauguzi walimwogopa miaka thelathini na mitano, na alikuwa analia waziwazi, anakuja mbele na mikono imenyooshwa. Mkunga hakungoja. Alichukua maikrofoni akaanza kumwimbia, maneno anayatunga palepale, kwa kile kisauti chake kilichobaki.

Mpiga gitaa yeyote mwenye masikio hapo angenyamaza. Bingwa alikuwa bado na sentensi mbili kwenye daftari. Akazipiga. Akazipiga kwa nguvu, maana Marehemu pale alipiga kwa nguvu. Mkunga anafungua mdomo, hakuna kinachosikika. Watu wa mbele wakainama wasikie. Noti ya mwisho Marehemu aliivuta muda mrefu, na Bingwa naye akaivuta muda mrefu, uso ameuelekeza juu, mpaka mkunga akamaliza ubeti wake wote ndani ya noti ile. Kijana mmoja wa maabara akacheka kwa sauti. Wengine wakafuata.

Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza. Ningekuwa na akili, zamu yangu ilipofika ningepiga kidogo, nikakaa chini, nikaondoka na ushindi wangu. Badala yake niliongeza sauti ya spika.

Sikuupigia ukumbi. Niligeuka nikampigia Bingwa. Nilitaka aone. Sentensi nzito za nyuzi nene, uzi unaovutwa polepole, kila kitu. Mzunguko ukaisha, nikachukua wa pili bila kuuliza. Kile kipande changu cha noti tano nilikipiga, kisha nikakirudia, isije ikawa kuna mtu hakukisikia. Nikakirudia tena. Mzunguko wa tatu. Mwalimu aligonga tasa, ile sahani ya shaba ya ngoma zake, mara moja, kwa nguvu, kama anavyokanyaga breki ya upande wake mwanafunzi akitaka kugonga ukuta. Sikusimama. Nilipogeuka, maikrofoni ilikuwa imelazwa kwenye kiti. Mkunga alikuwa kule nyuma, amemkumbatia muuguzi mkuu, na watu walikuwa wamegeuza viti kuelekea meza ya soda. Mimi na Mwalimu tulikuwa tunatumbuiza spika.

Garini Mwalimu aliwasha redio.

Jumamosi iliyofuata nilifikiria kutokwenda. Nilikwenda kwa sababu nilijua Bingwa atakwenda, na sikutaka aseme nimekimbia. Mkunga alikuwa ameshafika, safari hii hakukaa mezani, amesimama.

"Kaeni," akasema. Tukakaa kwenye viti vya wanafunzi, mimi na Bingwa, kama watu waliofeli mtihani wa kona. "Mwalimu alirekodi kwenye simu. Leo hatupigi. Tunasikiliza."

Ikaanza solo ya Bingwa. Alisikiliza anatabasamu, vidole vinatembea gotini. Kisha sauti ya mkunga ikaingia chini ya gitaa, nyembamba, kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu. Vidole vya Bingwa vikasimama.

"Sikusikia," akasema.

"Hukusikia kwamba naimba?"

"Sikusikia kwamba umeanza. Nilikuwa nahesabu."

"Nilikuwa nimesimama hapa," mkunga akasema, akaweka mkono begani mwa Bingwa kuonyesha umbali.

Bingwa akatazama sakafu. Nilifurahi kama mtoto aliyeletewa nguo mpya. Nilikaa vizuri kitini, maana sasa ilikuwa inakuja yangu.

Mwanzoni nilijipenda. Sauti ilikuwa nzito, ile niliyoitaka. Ila haikuisha. Nilikaa nasubiri iishe, haiishi. Nilikuwa najisikia kama mgeni aliyeshaaga, amesimama mlangoni na viatu miguuni, anaanza hadithi nyingine. Halafu noti tano. Halafu tena noti tano. Bingwa akainua kichwa.

"Mwalimu, hebu rudisha hapo."

Mwalimu akarudisha.

"Hicho ni changu," Bingwa akasema.

"Chako kipi?" nikamuuliza.

"Hicho kipande kinachoteremka. Ni changu."

Nilicheka kwa nguvu. "Wewe, Bingwa? Wewe unacho kitu chako?"

Alichukua gitaa lake, akakaza nyuzi moja moja, anasikiliza. Bingwa, akishakaza nyuzi, ana tabia ya kuzijaribu kwa kupiga kitu fulani, bila kutazama, huku akili yake iko kwenye daftari. Anafanya hivyo kila Jumamosi, na kila Jumamosi mimi huwa nimeinama sakafuni nafungua waya wangu uliojisokota. Akakipiga. Noti tano zinateremka, zinasimama kabla ya kufika chini. Hata ule mtuo mdogo kabla ya noti ya nne, ambao niliuona kuwa ndio roho ya kipande, ulikuwepo.

"Noti tano hizo," nikasema. "Dunia nzima inazo."

"Fundi," Mwalimu akasema. Hilo tu.

Mkunga alikuwa anacheka. Alianza taratibu, akaweka chupa chini, akashika meza, mwili wote unatikisika, machozi yanamtoka. Nilitamani dari ishuke. Miezi yote ile nimemwita mtu Kinasa Sauti, kumbe mimi ndiye niliyemnasa. Tena sikunasa solo zake kumi na moja za wino wa rangi tatu. Nilinasa takataka yake, nikaipeleka ukumbini, nikaionyesha watu mara tatu nzima kama pete ya uchumba.

"Uliitoa wapi hiyo?" mkunga akamuuliza Bingwa alipopata pumzi.

"Sijaitoa popote. Si kitu. Najaribu nyuzi tu."

"Imo daftarini?"

"Itakaaje daftarini? Si ya mtu."

"Ni ya kwako, baba."

Bingwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa ana mtoto mji mwingine. Nilimdharau upya, na dharau hii ilikuwa na uchungu ndani yake. Miaka saba anafua nguo za watu, na yake moja nzuri anapangusia vumbi.

"Ipige tena," mkunga akasema. "Polepole. Ukifika mwisho, nyamaza."

Akapiga, akanyamaza. Mkunga akaimba mstari. Alipovuta pumzi, Bingwa akapiga. Akaimba mwingine. Mwalimu akaingia na brashi zake za kupigia ngoma, taratibu. Kisha mkunga akaninyooshea kidole. "Na wewe. Mjibu yeye. Noti tatu."

"Tatu tu?"

"Ukipiga ya nne nakutoa nje."

Noti tatu. Ni aibu kusema ni kiasi gani zilinitesa. Ukiwa na noti ishirini, moja ikiwa mbovu inajificha kwenye umati. Zikiwa tatu kila moja imesimama peke yake uwanjani. Nilipiga zikatoka kavu. Nikapiga zikatoka haraka. Ilipofika saa kumi na nusu zilikuwa bado mbaya, na mkunga akaweka sheria ambayo inatawala mpaka leo: hakuna gitaa litakalolia isipokuwa pale anapovuta pumzi.

Sitasema kwamba tulipatana. Wiki iliyofuata Bingwa alikuja amekiandika kipande chake daftarini, wino wa rangi tatu, akanionya nisikibadilishe hata noti.

"Bingwa, umekitunga wewe mwenyewe. Si unaweza kukipiga unavyotaka?"

"Ndiyo maana najua kinavyotakiwa kuwa."

Utamfanya nini mtu wa namna hiyo? Nilimlazimisha akipige kwa hatua mbili chini. Alitoka jasho, akakosea mara saba, akanung'unika kuhusu mawe ya mipaka, akakipata. Ilimchukua Jumamosi tatu kusogeza noti tano. Mkunga alikaa anakata kucha.

Kuna jambo moja Bingwa alilifanya ambalo bado linanisumbua. Jumamosi moja alinipa karatasi mbili zilizokunjwa, akawa anatazama pembeni. Ilikuwa ile sentensi ya sita ya Marehemu, mvua ya noti kumi na moja niliyoitupa. Alikuwa ameiandika upya yote ipigwe kwa vidole vitatu.

"Umejuaje kama inawezekana?" nikamuuliza.

"Nilikifunga kidole changu kidogo na utepe. Wiki nzima."

"Hata kazini?"

"Nimesema wiki nzima."

Nilipiga picha akilini, huyu mtu yuko porini, anashika chombo cha kupimia ardhi, kidole kimefungwa utepe, wasaidizi wanamuuliza ameumia nini. Nilitaka kucheka na nikashindwa. Nilipaswa kusema asante. Badala yake nilizijaribu zile karatasi palepale, nikamwambia ukurasa wa pili amekosea, kidole cha pili hakiwezi kufika pale kwa wakati. Akasema kinaweza. Nikasema mkono ni wangu. Akanyakua gitaa, akajifunga utepe upya mbele yangu, akajaribu, hakikufika. Akatoa kalamu nyekundu, akarekebisha karatasi yake mwenyewe.

Sasa naipiga, noti zote kumi na moja. Haifanani na ya Marehemu, ina kigugumizi pale katikati, na Bingwa anasema kigugumizi hicho kiwekwe kwenye karatasi ili nisikipoteze. Mimi nasema kigugumizi hakiandikwi, kikija kije, kisipokuja kisije. Jumamosi iliyopita tulibishana saa nzima juu ya hilo, tumesimama, magitaa shingoni, Mwalimu amekwenda zake kumfundisha mtu kurudi nyuma uani. Mkunga alijilaza juu ya meza, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mkimaliza," akasema kutoka chini ya kitambaa, "mniamshe niimbe."